Galoni la kiuatilifu halisafishiki kwa sabuni

Kuna imani ya siku nyingi miongoni mwa wakulima, ikiwemo milimani Lushoto ambako mboga hulimwa kwa wingi, kwamba galoni la kiuatilifu, yaani dawa ya kuulia wadudu, magugu au magonjwa ya mimea, likioshwa kwa sabuni na maji ya moto hadi harufu iishe, linafaa kuwekea maji ya kunywa au mafuta ya kula. Imani hiyo inaeleweka, kwa kuwa galoni lenyewe ni imara, lakini si sahihi.

Harufu si kipimo. Viuatilifu vingi huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji, hivyo sehemu yake hupenya ndani ya plastiki yenyewe, mahali ambapo sabuni haifiki, kisha hutoka polepole na kuingia katika kile kinachohifadhiwa humo. Mafuta ya kula huivuta zaidi kuliko maji.

Kusuuza mara tatu kunakopendekezwa na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Shirika la Afya Duniani (WHO) kuna lengo jingine, nalo ni kupunguza mabaki ili galoni likusanywe na kuteketezwa au kuchakatwa kwa usalama. Husuuzwa papo hapo kabla mabaki hayajakauka, na maji yake humiminwa ndani ya bomba la kupulizia ili yatumike shambani, kamwe si mtoni. Kwetu Tanga hili ni zito, kwani Mto Zigi, unaotoka Usambara Mashariki, ndio unaojaza bwawa la Mabayani, chanzo cha maji ya jiji. Kisha galoni hutobolewa, lisitumike tena. Kulichoma uani hutoa moshi wenye sumu, na kulizika karibu na kisima huhamishia mabaki ardhini. Ni vyema mkulima amuulize muuzaji wa pembejeo, siku ileile ya kununua, galoni tupu litapokelewa wapi.