Msanii wa Watu: cheo alichopewa Chaliapin, kisha akanyang'anywa

Kirusi kina neno *narod*. Ukilileta kwenye Kiswahili linakulazimisha uchague: watu, au taifa? Mrusi hana haja ya kuchagua, kwani neno lake linabeba yote mawili. Kutokana nalo kikapatikana cheo cha *narodny artist*. Mimi hukiita Msanii wa Watu. Anayekiita Msanii wa Taifa naye hajakosea, ila atakuwa amesema jambo tofauti kidogo, na tofauti hiyo ndogo ilimsumbua mtu mmoja maisha yake yote.

Kwa maana ya kawaida, hii ni heshima ambayo dola humpa mwimbaji, mwigizaji au mcheza dansi aliyebobea. Ilianza baada ya mapinduzi ya 1917 nchini Urusi, ikaenea Umoja wa Sovieti wote, na Urusi inaitoa hadi leo. Miongoni mwa wa kwanza kuipata, mwaka 1918, alikuwa Feodor Chaliapin, mwimbaji wa opera (mchezo wa kuigiza unaoimbwa) mwenye sauti ya besi. Wanakwaya wanaijua besi: ile sauti nzito ya wanaume inayobeba wimbo kutoka chini. Kwenye opera mara nyingi ndiyo hupewa wafalme, makuhani na mashetani.

Chaliapin alizaliwa mwaka 1873 Kazan, mji wa mto Volga wanakoishi Warusi na Watatari. Nyumbani kwao hapakuwa na kitu. Alipokuwa mdogo alipelekwa kujifunza ushonaji wa viatu. Mwaka 1908 alisimama jukwaani Paris akiigiza Tsar, yaani mfalme wa Urusi, Boris Godunov katika opera ya mtunzi Mrusi Mussorgsky, na kwa Wafaransa waliokuwa ukumbini, Urusi ikawa na sura na sauti yake. Hakuna karatasi ya serikali iliyompa nafasi hiyo.

Tatizo la kuwa sauti ya taifa ni kwamba kila mwenye madaraka hudhani sauti hiyo ni yake. Mwaka 1911, St. Petersburg, wanakwaya wa opera walipiga magoti mbele ya Tsar Nikolai wa Pili, na Chaliapin aliyekuwa nao jukwaani akapiga goti pia. Marafiki zake wa mrengo wa kushoto walimshambulia vikali, wakimwona msaliti wa watu. Miaka saba baadaye, Wabolsheviki, wakomunisti walioshika dola kwa mapinduzi yale, wakamtangaza Msanii wa Watu hao hao.

Aliondoka Urusi mwaka 1922 kwenda kuimba nje, asirudi. Akiwa Paris alitoa fedha za kuwasaidia watoto wa wakimbizi wa Kirusi. Moscow ililitafsiri hilo kuwa ni kuwafadhili maadui wa mapinduzi, na Agosti 1927 serikali ikamvua cheo na kumzuia kurudi.

Ajabu ni mantiki yenyewe. Uraia ni jambo la sheria; serikali inautoa, na ikitaka inaufuta. Lakini cheo hiki kilidai kutoka kwa *narod*, na *narod* hao hawakuulizwa, si wakati wa kutoa wala wa kunyang'anya. Wale watoto wa Paris nao walikuwa *narod* kwa lugha na kwa damu. Kwa dola, neno lilikuwa limebaki na maana moja tu: waliomo ndani ya mipaka na wanaotii. Chaliapin mwenyewe aliendelea kuimba nyimbo za Kirusi, ukiwemo ule wa wavuta mashua wa Volga, mbele ya wasikilizaji wa Ulaya na Marekani ambao hawakuelewa neno hata moja.

Alifariki Paris mwaka 1938, akazikwa huko huko. Mwaka 1984 mabaki yake yalihamishiwa Moscow, kwenye makaburi ya Novodevichy wanakozikwa watu mashuhuri wa nchi. Amri ya 1927 ilikuwa bado haijafutwa. Ilifutwa mwaka 1991, miaka saba baada ya mwenyewe kurudi.