Besi fupi si ya watoto

Hapa Moshi, mpiga gitaa akitafuta besi, yaani gitaa la noti nzito, ya bei nafuu ya kurekodia nyumbani, huambiwa: "Achana na ile fupi, ya watoto hiyo, haina uzito." Si kweli. Uzito wa noti hautokani na urefu wa uzi peke yake. Unene wake na jinsi ulivyokazwa navyo vina kazi yao. Besi yenye uzi wa inchi 30 hutyuniwa sawasawa na ya inchi 34, na noti ya E ya chini kabisa ni takriban hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, kwa zote mbili. Paul McCartney wa Beatles alinunua besi yake fupi ya Höfner mjini Hamburg mwaka 1961, na sijasikia aliyemwita mtoto.

Tofauti ipo mkononi. Gitaa lako huenda lina uzi wa inchi 25.5, kwa hiyo kwenye besi fupi vidole havitateseka sana. Ila nyuzi zake ni legevu kidogo. Ukizipiga kwa hasira zitakwaruza. Piga taratibu, au funga nene zaidi.

Ukikagua ya mtumba, bonyeza kila noti, tazama kama shingo imepinda. Na bakiza hela ya nyuzi mpya. Hapo mimi sibani.