Kinu cha nyuklia cha chuo hakiwashi taa

"Urani tunayo Namtumbo, chuo cha sayansi na teknolojia tunacho Mbeya. Chuo kijenge kinu cha nyuklia, tuachane na kukatika kwa umeme." Hoja hii hairudi mara moja wala mbili. Wanafunzi wanaileta, wazazi wao wanaileta, na inachosha kwa sababu inafunika kazi halisi ya kinu cha utafiti.

Kinu cha chuo hakifui umeme hata kidogo. Chukua cha Chuo Kikuu cha Ufundi cha Vienna, aina ya TRIGA, kinachofanya kazi tangu 1962. Nguvu yake ni kilowati 250, na hizo ni za joto. Kituo cha umeme wa maji cha Mtera peke yake kina mitambo ya megawati 80, mara 320 ya hapo. Hata hivyo udogo si tatizo kubwa. Tatizo ni maji yenyewe. Kwenye kinu cha umeme cha aina iliyoenea zaidi maji hupita nyuzi 300 chini ya mgandamizo wa angahewa 150 hivi, ndipo unapatikana mvuke wenye nguvu ya kuzungusha mtambo. Kinu cha utafiti kimekaa ndani ya bwawa la wazi, na maji yake ni ya nyuzi 40 hivi au chini. Chemchemi za maji ya moto za Songwe zinalishinda bwawa hilo. Piga hesabu ya Carnot, ya sehemu kubwa kabisa ya joto inayoweza kugeuzwa kuwa kazi: maji ya nyuzi 40, hewa ya Mbeya ya nyuzi 20, upeo ni asilimia 6 tu. Hizo ni kilowati 16, nazo zitaliwa na pampu. Joto pale ni pumba. Unga ni nyutroni, chembe zinazoruka atomi za urani zinapopasuka.

Nyutroni hizo ndizo darasa. Tazama zoezi la kupima thamani ya fimbo ya kudhibiti, yaani uwezo wake wa kumeza nyutroni na kupunguza mipasuko. Kinu kinatulizwa kwenye wati chache, kwa kuwa nguvu ikipanda fueli inapata joto, na joto linavuruga kile unachotaka kupima. Fimbo inavutwa juu hatua moja. Unahesabu sekunde ambazo nguvu inachukua kuongezeka maradufu, unaziingiza kwenye mlinganyo, fimbo nyingine inashushwa kurudisha usawa, kisha hatua inayofuata. Wengi wanaharibu mahali pamoja: wanawasha saa fimbo inaposimama tu. Subiri dakika moja hadi mbili, mruko wa mwanzo utulie. Nyutroni zinazochelewa, zinazotoka muda kidogo baada ya mpasuko, ni kama asilimia 0.65 tu ya zote, lakini ndizo zinazoamua mwendo wa kinu, na ukiharakisha utapata namba isiyo na maana. Hili linasomeka kwenye kila kitabu, ila haliingii kichwani mpaka uone mstari kwenye skrini ukiruka, halafu ukatulia.

Wengine wanasema basi, Tanzania haina kinu, fizikia ya nyuklia haifundishiki. Si kweli. Shirika la kimataifa la nishati ya atomiki, IAEA, lina mpango wa maabara ya kinu kwa intaneti: vipimo vya kinu kinachofanya kazi, kama RA-6 cha Argentina, vinarushwa moja kwa moja hadi darasa la nchi nyingine, na wanafunzi wanauliza waendeshaji papo hapo.

Kwamba kinaweza kulipuka kama bomu? Hapana. Fueli ya TRIGA ni urani iliyochanganywa na haidraidi ya zirikoni. Ikipata joto ghafla, haidrojeni iliyomo inazipa nyutroni kasi, na mipasuko inapungua yenyewe kabla mtu hajagusa kitufe. Vienna wanakipandisha makusudi hadi megawati 250 kwa sehemu ndogo ya sekunde, na kinajishusha chenyewe.

Urani ya Namtumbo nayo, jinsi inavyotoka ardhini, ina asilimia 0.7 tu ya urani-235, aina inayopasuka kirahisi. Fueli hii inataka karibu 20.

La mwisho ni sampuli. Kinu kidogo cha Zaria, Nigeria, cha kilowati 30 hivi, hupima madini kwenye udongo na mimea kwa nyutroni, na watu wanaogopa kwamba kilichopigwa nyutroni kinabaki na mionzi milele. Sodiamu-24, inayozaliwa sodiamu ya sampuli ikipigwa nyutroni, ina nusumaisha, yaani muda wa nusu yake kuisha, ya saa 15. Baada ya wiki moja haifiki sehemu moja ya elfu ya ilivyoanza. Zinki-65 inakaa zaidi, siku 244, ndiyo maana tunaisubiri wiki tatu au nne zile za muda mfupi kama sodiamu zipungue, kisha tunaisoma kwenye mstari wa keV 1115, nishati ya mionzi ya gama inayoitambulisha.

Sampuli iogopwe kabla haijaingia kinuni. Unataka kupima chuma, kromi au manganizi kwenye mahindi ya Mbozi? Usiyapeleke mashine ya kusaga. Sahani zake za chuma zinaacha vyote vitatu kwenye unga, na utakuwa umepima mashine. Osha punje kwa maji yaliyokenekwa, maana vumbi la udongo lina skandiamu, na mstari wake wa keV 1120 unakaa ubavuni mwa ule wa zinki. Kausha, twanga kwenye kinu kidogo cha kutwangia cha akiki, jiwe gumu, pima miligramu 200, funga kwenye kichupa safi cha plastiki. Na kama unatafuta madini ya risasi, peleka kwenye maabara ya aina nyingine. Njia hii haiioni.