Kuunganisha shule ndogo Kitui: mto, basi na mgao kabla ya jengo

Gredi ya 10 ilipoanza Januari 2026, jambo ambalo kaunti za mashambani zimelizungumzia chini chini kwa miaka mingi lilitoka hadharani: shule za sekondari za kutwa zenye wanafunzi wachache mno zifanyiwe nini? Mtaala mpya unamtaka mwanafunzi wa sekondari pevu, yaani Gredi ya 10 hadi 12, afuate njia moja kati ya tatu, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati kwa pamoja. Sayansi za jamii. Au sanaa na michezo. Juu ya masomo ya lazima, anachagua mengine matatu. Kwenye karatasi ni mpango mzuri. Sasa upeleke katika shule ya kutwa kule Tseikuru au Mutomo, kaunti ya Kitui, yenye wanafunzi 25 katika gredi nzima. Ukiwagawa kwa masomo waliyochagua, huenda fizikia ikabaki na wanne, jiografia sita, biashara saba. Kila kundi linahitaji mwalimu wake, na vifaa vya maabara havishuki bei kwa kuwa wanaoingia ni wanne. Mwalimu mkuu hana la kufanya ila kulifuta somo. Msichana aliyetaka kusomea uuguzi anaambiwa achague kinachopatikana.

Pesa nazo zinafuata vichwa. Mgao wa serikali kwa mwanafunzi wa sekondari ya kutwa umewekwa kuwa shilingi 22,244 kwa mwaka tangu 2018, na si zote zinazofika kwenye akaunti ya shule, kwa kuwa baadhi ya gharama hulipwa kwa pamoja kutoka wizarani. Hata tukichukulia zimefika zote, shule ya wanafunzi 80 inapata shilingi 1,779,520. Humo mna umeme, maji, karani, mlinzi, ukarabati, mitihani, vifaa vya maabara na walimu wanaoajiriwa na bodi ya shule pale ambapo Tume ya Huduma za Walimu (TSC) haijaleta wa kutosha. Shule ya wanafunzi 400 inapata shilingi 8,897,600. Ina mlinzi na karani kama ile ndogo, lakini baada ya kuwalipa inabaki na kitu cha kununulia darubini.

Kwa hiyo mimi naunga mkono kuunganisha sekondari pevu ambazo haziwezi kujaza hata darasa moja. Nasema hivyo bila kusita. Ninachopinga ni namna tunavyoanza. Katika vikao vingi, kitu cha kwanza kuwekwa mezani ni mchoro wa jengo: madarasa ya ghorofa, maabara tatu, ukumbi. Jengo ndicho kitu rahisi kuliko vyote katika mpango huu, kwa sababu hulipwa mara moja. Swali gumu ni mtoto atafikaje pale kila siku kwa miaka kumi ijayo, na nani atalipa.

Kitui ina zaidi ya kilomita mraba 30,000 na, kwa sensa ya 2019, watu 1,136,187. Huko chini kuelekea mpaka wa Tana River, boma na boma hutenganishwa na kilomita za vichaka. Ukichora duara la kilomita kumi kuzunguka shule kwenye ramani, utadhani umepata wanafunzi wa kutosha. Ramani hiyo inadanganya, kwa kuwa haioni mito. Mito yetu mingi ni ya msimu: kwa miezi kadhaa ni mchanga mkavu ambao mtoto anauvuka kwa miguu akiwa na dumu la maji mkononi, kisha mvua inanyesha mahali asipopaona na maji yanashuka ghafla. Desemba 2021 Mto Enziu karibu na Mwingi ulisomba basi lililokuwa limebeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini, na zaidi ya watu 30 walikufa. Lilikuwa basi la shule lililokodiwa. Watu wa Mwingi hawahitaji kukumbushwa, lakini anayepanga shule akiwa ofisini Nairobi anahitaji.

Tazama pia kalenda. Mvua za vuli, ambazo ndizo Ukambani hutegemea zaidi, huanza Oktoba na kushika Novemba. Huo ndio wakati wa mitihani ya kitaifa, pamoja na ule wa Gredi ya 9 na ule wa kumaliza sekondari. Shule ikikaa ng'ambo ya mto usio na daraja, mto utafurika wiki ileile ambayo mtahiniwa hawezi kukosa hata asubuhi moja. Kwa hiyo kipimo changu cha umbali si kilomita. Ni dakika ambazo mtoto anatumia kutoka mlangoni kwao hadi darasani, zikipimwa mwezi wa Novemba, kwa njia anayoipita yeye. Naibu chifu na waendesha bodaboda wa eneo wanaijua njia hiyo kuliko picha ya setilaiti. Wapewe ramani na kalamu wairekebishe.

Tukishajua njia, tupige hesabu ya basi. Tuseme kituo cha mbali kiko kilomita 28 kutoka shuleni. Basi linakwenda kuchukua wanafunzi na kurudi asubuhi, linawapeleka na kurudi jioni: kilomita 112 kwa siku. Kwa siku 180 za masomo ni kilomita 20,160. Likitumia lita moja kwa kilomita nne, na dizeli tuiweke shilingi 170 kwa lita, mafuta peke yake ni shilingi 856,800 kwa mwaka. Hapo sijamlipa dereva, sijanunua bima, sijabadilisha magurudumu ambayo barabara ya mawe inayala. Wanafunzi 150 wakihitaji usafiri, ni mabasi matatu na mafuta ya shilingi 2,570,400. Hiyo ni zaidi ya robo ya mgao wote wa shule ya wanafunzi 400. Mgao ule haukupangwa kwa kazi ya kubeba wanafunzi kila siku. Na hutolewa kwa uwiano wa 50:30:20 katika mihula mitatu, mara nyingi kwa kuchelewa, ilhali kituo cha mafuta hakisubiri muhula.

Wengine watasema: basi tujenge mabweni. Sawa, lakini tusifiche nani anayebeba mzigo. Karo ya bweni ambayo mwongozo wa serikali umeruhusu kwa shule zilizo chini ya zile za kitaifa na zile zinazopokea wanafunzi kutoka kaunti nyingine imekuwa shilingi 40,535 kwa mwaka. Mzazi ambaye mtoto wake alikuwa akitembea hadi shule ya kutwa bila kulipa karo anajikuta na deni hilo kwa sababu shule ya karibu imefungwa. Familia 60 zikilipa, ni shilingi 2,432,100. Kwenye taarifa ya mradi kiasi hicho hakionekani, kwa kuwa si pesa ya serikali. Kimetoka kwa mbuzi na ndengu za watu. Mpango wowote unaojivunia kuokoa pesa lazima uonyeshe pia alichoongezewa mzazi, na kama tofauti ni kubwa, sehemu ya akiba irudi kwake kama ruzuku ya bweni iliyoandikwa kwenye bajeti, si ahadi ya basari. Mabweni pia yana sheria za usalama, na kila mpangaji wa shule katika eneo hili anapaswa kuwakumbuka wavulana 67 walioteketea Kyanguli, Machakos, mwaka wa 2001.

Wenzetu walioitembea njia hii kabla yetu wametuachia ushahidi. Jimbo la West Virginia nchini Marekani, la milima na kaunti 55, liliunda mamlaka ya ujenzi wa shule mwaka wa 1989, na pesa zikaelekezwa kwa kaunti zilizokuwa tayari kuwa na shule kubwa. Kufikia 2002, kwa uchunguzi wa gazeti la Charleston Gazette, shule zaidi ya 300 zilikuwa zimefungwa tangu 1990 na zaidi ya dola bilioni moja kutumika. Jimbo hilo lina mwongozo wa muda wa mtoto kukaa ndani ya basi kwa safari moja: dakika 30 kwa shule ya msingi, 45 kwa shule ya kati, 60 kwa sekondari ya juu. Maelfu ya watoto walikuwa wakipita muda huo. Kaunti ya Lincoln ndiko walikotoka wazazi waliolishtaki jimbo kwa kuwanyima watoto wao elimu ya kiwango sawa, wakapata uamuzi muhimu wa Mahakama ya Juu ya jimbo mwaka wa 1979. Mwaka wa 2006 sekondari nne za kaunti hiyo ziliunganishwa kuwa moja.

Akiba ipo, lakini ina mpaka. William Duncombe na John Yinger wa Chuo Kikuu cha Syracuse walichunguza wilaya za shule za mashambani zilizoungana katika jimbo la New York kati ya 1985 na 1997. Wilaya mbili zenye wanafunzi 300 kila moja zilipoungana, gharama zilishuka kwa asilimia 31.5. Zilipokuwa na wanafunzi 1,500 kila moja, zilishuka kwa asilimia 14.4. Hizo ni wilaya, si shule moja moja, ila funzo linatufaa: faida kubwa iko kwa walio wadogo sana, na hakuna sababu ya kuzilazimisha shule zinazojitosheleza.

Kwa watoto wadogo msimamo wangu ni mwingine kabisa. Chekechea hadi Gredi ya 6 wabaki karibu na nyumbani, hata kama darasa lina watoto kumi na mwalimu mmoja anafundisha gredi mbili pamoja. Katika mkoa wa Ghor, Afghanistan, utafiti uliolinganisha vijiji vilivyowekewa shule ndogo na visivyowekewa ulikuta uandikishaji umepanda kwa zaidi ya alama 40 za asilimia, na wasichana ndio walionufaika zaidi. Mtoto wa miaka saba hawezi kusubiri basi saa kumi na moja alfajiri akiwa na njaa. Sekondari msingi, Gredi ya 7 hadi 9, iko katikati: pale ambapo shule mbili za msingi ziko umbali wa dakika chache, zinaweza kutumia maabara moja na walimu walewale wa sayansi bila kufunga lango la yoyote.

Kuhusu idadi, tusibahatishe. Watoto watakaoingia Gredi ya 10 mwaka wa 2036 wameshazaliwa, na wengi wako chekechea sasa hivi. Daftari za chanjo za zahanati na za shule za chekechea za wadi zitaonyesha wako wangapi. Idadi ya watoto kwa kila mwanamke nchini ilishuka kutoka 4.9 mwaka wa 2003 hadi 3.4 mwaka wa 2022, kwa hiyo shule iliyojengwa kwa makadirio ya zamani inaweza kubaki na madarasa matupu. Tumeona tayari gharama ya kujenga kabla ya kuamua: mwaka wa 2022 madarasa takriban 10,000 ya mtaala mpya yalijengwa, mengi katika sekondari, kwa ajili ya Gredi ya 7. Kabla mwaka haujaisha ikaamuliwa kwamba wanafunzi hao wabaki katika shule za msingi.

Pesa za ujenzi zina milango kadhaa, na kila mlango una masharti yake. Wizara ina fungu la miundombinu. Hazina ya maendeleo ya maeneo bunge (NG-CDF) imejenga madarasa mengi tangu 2003, lakini haikuundwa kulipia uendeshaji, na Septemba 2024 Mahakama Kuu iliitangaza sheria yake kuwa kinyume cha Katiba. Mradi wa miaka kumi usiegemee hazina hiyo pekee. Serikali ya kaunti, kwa Jedwali la Nne la Katiba, inashughulikia chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Sekondari ni kazi ya serikali kuu. Kaunti ikitaka kuchangia barabara ya kwenda shuleni, hiyo ni kazi yake halali pale ambapo barabara ni ya kaunti. Ikitaka kuchangia shule yenyewe, kuwe na makubaliano rasmi kati ya serikali hizo mbili. Walimu ni wa TSC, na hakuna bodi ya shule inayoweza kuahidi nani atahamishiwa wapi. Barua ya TSC kuhusu idadi ya walimu na masomo yao iwe mezani kabla ya mzazi yeyote kuombwa kukubali.

Mzazi naye ana haki ya kuiona hesabu hii. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 vinampa nafasi ya kuandika na kujibiwa ndani ya siku 21. Aombe ramani ya njia, bajeti ya uendeshaji ya miaka kumi na mpango wa usafiri. Uamuzi ukimuumiza, Kifungu cha 47 kinampa haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kikao cha wazazi kifanyike katika kila shule itakayoguswa, si kwenye makao makuu ya kaunti ndogo pekee, na kisifanyike siku ya soko.

Limebaki suala la ardhi, ambalo huvunja miradi mingi kimyakimya. Shule nyingi zimejengwa kwenye ekari ambazo mzee fulani alizitoa kwa maneno miaka mingi iliyopita, au ziko kwenye ardhi ya kanisa ambalo ndilo mdhamini. Hatimiliki haipo, au iko kwa jina la mtu aliyefariki. Shule ikifungwa, wajukuu wanadai shamba lao, na madarasa yaliyojengwa kwa pesa za umma yanageuka zizi. Kabla ya mwanafunzi wa mwisho kuhama, pawe na mkataba ulioandikwa kati ya familia au mdhamini, bodi ya shule na kaunti, unaosema majengo yatakuwa chekechea au chuo cha ufundi, nani ataezeka paa likivuja, na mwanzoni mwa muhula gani milango itafunguliwa tena.