Methali mbili, saa iliyokufa betri: dhana potofu kuhusu falsafa

"Falsafa ni misemo mizito ya wazee." Hii ndiyo dhana ya kwanza kwa wanafunzi wengi wa sekondari, na lugha yetu inachangia: kocha ana falsafa, chama kina falsafa, hata kinyozi anayo. Kama somo, falsafa ni kuuliza na kutetea jibu kwa hoja. "Haraka haraka haina baraka", halafu "Ngoja ngoja huumiza matumbo". Tufuate ipi, na lini? Ukianza kubishana hapo, umeshaingia.

"Metafizikia ni mambo ya majini na uchawi." Jina ndilo linaloiponza. Waliopanga maandishi ya Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, waliviweka vitabu fulani baada ya vile vya fizikia, vikaitwa hivyo hivyo kwa Kigiriki: vya baada ya fizikia. Tawi hili la falsafa huuliza kuna nini na kukoje: wakati ni nini, nafsi ni nini. Mkenya John Mbiti, mwaka 1969, aliueleza wakati katika fikra za Kiafrika kwa maneno mawili ya Kiswahili, "sasa" na "zamani", akidai kwamba wakati ujao wa mbali karibu haumo. Alipingwa sana. Alexis Kagame wa Rwanda naye alichambua mzizi "-ntu" wa Kinyarwanda, akavigawa vyote vilivyopo katika mafungu manne: umuntu, ikintu, ahantu (mahali na wakati), ukuntu (namna). Mtu na kitu unawaona humo bila mkalimani, ndiyo maana mimi hupenda kuanzia hapa kabla ya Ugiriki.

"Ukiamini jambo na likawa kweli, basi unalijua." Hapa ndipo darasa huwaka. Tuseme saa ya ukutani ilikufa betri jana, mishale ikagota kwenye saa nne na dakika ishirini. Leo Asha anainua macho, anaisoma, anamnong'oneza jirani yake: "Saa nne na ishirini, bado kidogo tutoke." Kwa bahati tu, ndiyo saa yenyewe. Anachoamini ni kweli, na sababu anayo, maana ametazama saa. Je, alijua? Wengi watasema hapana, kabahatisha. Waulize sasa kilichopungua ni nini, uone watakavyokwama. Mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell aliwahi kutumia mfano wa saa iliyosimama, na mwaka 1963 Mmarekani Edmund Gettier akachapisha makala ya kurasa tatu tu yenye visa vya jamii hii. Wanaepistemolojia, yaani wachunguzi wa maarifa, hawajamaliza kubishana.

"Mantiki ni kusema kweli." Siyo. Mantiki hupima kama hitimisho linatokana na kauli zilizotangulia. Ndege wote huruka. Mbuni ni ndege. Basi mbuni huruka. Uongo mtupu, lakini muundo wa hoja hauna kasoro. Kasoro iko kwenye kauli ya kwanza. Kila aliyefaulu alikesha, Juma alikesha, basi Juma alifaulu. Hapa huenda kauli mbili za kwanza ni kweli na hoja bado ni mbovu, kama Juma anavyoweza kugundua siku ya matokeo.

"Maadili tumeshafundishwa nyumbani." Nyumbani tumeambiwa tusiibie mtihani. Tawi la maadili linauliza kwa nini ni kosa hata pale ambapo hakuna anayeumia. Ujumi, tawi la uzuri na sanaa, hupuuzwa kwa "kila mtu na jicho lake", na wanaosema hivyo ndio wanaogombania taarabu ipi ni bora.

"Falsafa inamwondolea mtu imani." Ibn Rushd, mwanafalsafa Mwislamu, alikuwa kadhi, na mapadri Wakatoliki husoma falsafa seminarini kabla ya teolojia.

"Falsafa ni ya Wazungu." Neno lenyewe ni la Kigiriki, likatufikia kupitia Kiarabu. Ila kuuliza hakukutoka kwao peke yao. Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alikwenda vijijini kuhoji wazee. Mzee wa kukariri mila tu alimweka fungu lake. Aliyemtafuta hasa ni yule anayeweza kuzihoji mila za watu wake mwenyewe. Miongoni mwa aliowahoji alikuwemo baba yake mzazi.