Gatsby haikugombaniwa madukani

Wengi huamini kwamba The Great Gatsby, riwaya ya F. Scott Fitzgerald kuhusu tajiri anayeandaa karamu kubwakubwa ili kumrudisha mwanamke aliyempenda zamani, ilipata umaarufu mara tu ilipotoka. Sivyo ilivyokuwa.

Ilichapishwa New York tarehe 10 Aprili 1925. Awali zilipigwa chapa nakala zipatazo 20,000. Agosti mwaka huohuo zikaongezwa 3,000, na hizo zikadoda. Fitzgerald alipofariki Hollywood, Desemba 1940, akiwa na miaka 44, baadhi yake zilikuwa bado ghalani kwa mchapishaji. Mimi huumia kila nikiliwaza hilo, kwa sababu riwaya yake ya kwanza, ya mwaka 1920, ilikuwa imeuzwa sana, naye alitarajia hii iipite.

Si kwamba hakuna aliyeiona thamani yake. Mshairi T. S. Eliot alimwandikia barua ya kuisifu. Wanunuzi ndio hawakuja.

Mambo yaligeuka baada ya kifo chake. Rafiki yake, mhakiki Edmund Wilson, aliichapisha tena mwaka 1941 katika kitabu kimoja na riwaya ambayo Fitzgerald hakuwahi kuimaliza. Kisha vita vikaifikisha mbali zaidi: mwaka 1945 wanajeshi wa Marekani waligawiwa bure nakala zaidi ya 120,000, vijitabu vyepesi vya kutia mfukoni. Kufikia miaka ya 1960 ilikuwa ikifundishwa katika shule nyingi za sekondari nchini humo.