Kinywaji chekundu hakiongezi damu: maswali ninayoulizwa kuhusu vitafunio vya watoto

Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya huku Busia, upande wa Uganda. Siku ya kliniki ya watoto, foleni ikianza kusogea, naona vitu viwili mikononi mwa akina mama: kitabu cha kliniki na chupa ya kinywaji chekundu. Maswali yaliyo hapa huulizwa pale kwenye benchi, na majibu ni yale yale ninayowapa, ila hapa sipazi sauti. Musawo ni mimi, ndivyo wanavyomwita mhudumu wa afya.

Musawo, chakula cha asili ni kipi, na cha kiwandani ni kipi?

Cha asili ni kile ambacho ukikitazama bado unajua kilitoka wapi: ndizi, gonja (ndizi kubwa) la kuchoma, kiazi kitamu, embe, karanga, yai, fenesi. Cha kiwandani kimesagwa, kikachujwa, kikatiwa sukari, chumvi, mafuta na rangi, kisha kikafungwa kwenye karatasi inayong'aa. Biskuti, krispi, peremende, soda, juisi ya unga. Si kila chenye pakiti ni kibaya, maana maziwa ya pakiti ni maziwa. Geuza pakiti usome orodha ya vilivyomo. Huandikwa kuanzia kilicho kingi, kwa hiyo ukikuta sukari ni ya kwanza au ya pili, ujue unanunua sukari.

Kinywaji chekundu kinaongeza damu?

Hapana.

Hata kikichanganywa na maziwa?

Hapana. Kikichanganywa na maziwa, na yai bichi, na soda nyeusi, hapana. Nimeshaletewa michanganyiko yote hiyo. Wekundu ule ni rangi ya kiwandani. Damu hupata wekundu wake kwenye madini ya chuma, na chupa ile ni maji, sukari, rangi na harufu ya tunda ambalo halikuwahi kuingia humo.

Nikueleze kwa nini nakuwa mkali. Bibi mmoja alileta mjukuu wa miaka mitatu, amembeba mgongoni, chupa ikiwa kwenye kikapu. Mtoto alikuwa na homa siku nne. Siku ya pili walimwona amepauka, wakaanza kumnywesha chekundu, kikombe asubuhi na kikombe jioni. Bibi alikuja akiwa na matumaini. Akamwambia mtoto atoe ulimi, akanionyesha: "Tazama, musawo, damu imerudi." Ulimi ulikuwa mwekundu kweli. Nikavuta kope ya chini, ndani kulikuwa kweupe. Viganja vyeupe kama karatasi ya daftari. Pua zinapanuka kila akivuta pumzi. Kipimo cha malaria kilionyesha malaria, na ule wekundu wa ulimi ulikuwa rangi ya chupa. Tulimwanzishia dawa, tukampeleka hospitali kuongezewa damu, na alipona. Siku mbili za chupa ndizo zilizomfikisha kwenye hali ya kuongezewa damu.

Sikumgombeza bibi wa watu. Alifanya alichoambiwa na mtaa mzima.

Mbona watu waliochangia damu hupewa soda na biskuti?

Swali hili nalipenda, kwa sababu hapo ndipo uvumi unapopata miguu. Aliyechangia damu amepoteza maji kidogo mwilini, na anaweza kupata kizunguzungu akisimama. Soda inamrudishia maji na sukari ili asianguke kwenye ngazi. Haimrudishii damu. Chembe za damu mwili huzitengeneza wenyewe kwa wiki kadhaa, ukitumia chuma kilichomo kwenye chakula. Ndiyo maana huambiwa asubiri miezi mitatu au zaidi kabla ya kuchangia tena. Kama soda ingeongeza damu, angechangia kila Ijumaa.

Basi damu ya mtoto inapungua kwa sababu gani?

Huku kwetu, kwanza malaria. Vijidudu vyake huingia ndani ya chembe nyekundu na kuzipasua. Pili, safura, ile minyoo inayopita kwenye nyayo za mtoto anayetembea peku na kwenda kunyonya damu tumboni. Tatu, chakula kisicho na chuma: chai ya rangi na mandazi asubuhi, posho, yaani ugali, na mchuzi mwepesi jioni. Kuna pia selimundu, ugonjwa wa chembe za damu ambao mtoto huzaliwa nao, na kama kuna historia katika ukoo, mpeleke apimwe.

Unaona? Hakuna hata moja katika hizo inayotibiwa na chupa. Malaria ina dawa yake, na minyoo pia.

Na chakula kinachosaidia?

Mukene, wale dagaa wa ziwani. Tuna bahati ya kukaa karibu na ziwa, halafu tunawaona mukene kama chakula cha kuku! Maini, nyama ukiipata, maharagwe, kunde, dodo (mchicha, si embe) na mboga nyingine za majani. Chuma kilichomo kwenye maharagwe na majani mwili hukichukua kwa shida, lakini ukila pamoja na chungwa, pera, papai au embe, hukichukua vizuri zaidi. Chai ifanye kinyume cha tunda: usiinywe pamoja na mlo, maana hukizuia chuma. Subiri saa moja au mbili.

Soda inampa mgonjwa nguvu, hasa mtoto anayeharisha?

Hapana, na hii nayo inatuletea watoto waliokauka. Sukari nyingi ikiingia kwenye utumbo wa mtoto anayeharisha huvuta maji kuyapeleka utumboni, naye anaharisha zaidi. Mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti, yaliyochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa, pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10. Endelea kumnyonyesha. Ukija kumtembelea mgonjwa wodini, acha soda na biskuti dukani. Leta ndizi, leta mayai ya kuchemsha, leta papai lililoiva. Najua unaogopa kuonekana umeleta vitu vya shambani.

Soda moja ina ubaya gani kwa mzima?

Chupa ya mililita 300 ina gramu 30 hivi za sukari, nyingine hupita hapo. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongezwa kwa mtu mzima isizidi kama gramu 50 kwa siku, na kwamba ni bora ikibaki chini ya 25. Chupa moja imeshapita hiyo bora, na chai hujanywa. Mtoto wa chini ya miaka miwili hapaswi kupewa vinywaji vya sukari kabisa. Si kidogo, si kwenye chuchu ya chupa, si siku ya Krismasi.

Mtoto wangu akibeba kiazi shuleni wenzake wanamcheka. Nifanyeje?

Hili si swali la chakula, mama, ni la heshima. Kiazi kimepewa jina la umaskini, na krispi jina la kuwa na pesa. Lakini fanya hesabu. Pesa ya soda moja na pakiti ya krispi inanunua kichane kizuri cha ndizi ndogo na gao la karanga zilizokaangwa, na mtoto atashiba mpaka kengele ya jioni. Krispi humwachia chumvi mdomoni na njaa baada ya nusu saa. Mfungie gonja la kuchoma, au muhogo wa kuchemsha na odi, ule uji mzito wa karanga na simsim (ufuta) zilizosagwa, kama wenzetu wa kaskazini. Msimu wa senene, mwezi wa Novemba, mpe senene. Wakaange kwa mafuta yao wenyewe, usiongeze. Siku hiyo hakuna atakayemcheka, wataomba.

Na nyinyi wazazi mnaompa mtoto noti ya elfu moja na kumwambia "utajinunulia kitu": hicho "kitu" ni juisi ya mfuko iliyotengenezwa kwa maji ambayo hakuna aliyeona yakichemshwa. Huwa naijua wiki ambayo juisi hiyo imeuzwa sana, kwa idadi ya matumbo yanayokuja.

Karanga ni salama kwa wote?

Mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima, huingia njia ya hewa. Msagie. Karanga zenye ukungu, zilizobadilika rangi au chungu, tupa. Kukaanga hakuondoi sumu ya ukungu, na sumu hiyo huharibu ini. Usiziweke pembeni kwa ajili ya mchuzi.

Juisi ya matunda ya nyumbani?

Ni afadhali kuliko ya unga, ila tunda lenyewe ni bora kuliko juisi yake. Juisi ya pasheni tunayotengeneza hapa huingia sukari mpaka kijiko kinasimama.

Mwenye kisukari aache matunda?

Aache soda kwanza. Tunda moja kwa wakati mmoja, si sinia la fenesi, na azungumze na kliniki yake.

Mtoto wangu amepauka leo. Ni jioni. Nianze na dodo na maini, nione atakavyoamka kesho?

Hapana. Hata chakula cha asili, hapana. Chakula hujenga damu kwa wiki, na mtoto aliyepauka hana wiki. Usitazame ulimi, hasa kama amekunywa kitu chenye rangi. Fungua kiganja chake ukiweke kando ya chako, kisha vuta kope ya chini. Kukiwa kweupe, njoo. Akihema kwa haraka, akishindwa kunyonya au kukaa, akitapika kila kitu, akipata degedege, au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, njoo sasa hivi, usisubiri baba arudi wala chupa iishe. Kituo kina mtu wa zamu usiku. Tafuta bodaboda, chukua kitabu cha kliniki, na ndugu mmoja wa damu aje nanyi, kwa sababu huenda tukawapeleka mbele, hospitalini.